Safari ya boti: tuthibitishe kabla ya Jumatano

Wapendwa, habari za jioni.

Boti ya kulala imepatikana! Tunatoka Houston Ijumaa saa 11 alfajiri, tunapandia Henderson, Louisiana, kisha tunaingia bonde la Atchafalaya, eneo kubwa la vinamasi, hadi Jumapili.

1. Mchango: dola 120 kila mtu, kwa mweka hazina, mwisho Jumatano.
2. Wenye vinasa sauti, vichajini kabisa.
3. Dawa ya mbu. Hili sitanii.

Tutawasikiliza wazee wavuvi wa kamba wa mtoni. Tuwaulize hasa habari za Bayou Chene, kijiji cha humo bondeni kilichofukiwa na tope la mto, makaburi na yote. Tuombe ruhusa kwanza, ndipo turekodi.

Vitanda ni 8 tu. Anayekuja aandike "NIPO" hapa chini, tafadhali.