Folda Inajibadilisha Mwonekano Kila Ukiifungua? Usikimbilie Kupiga Windows Upya

Jana uliiacha folda ya ankara ikiwa orodha safi: jina, tarehe, ukubwa. Leo unaifungua, imejaa vijipicha vikubwa, mafaili yamepangwa kwa makundi ya “Today” na “Last week”, na ile ankara unayoitafuta huioni. Wateja wengi wakifika hapo hudhani ni virusi, wengine hushauriwa wapige Windows upya. Virusi havihusiki. Na kupiga Windows upya kwa shida hii ni sawa na kuvunja ukuta kwa sababu kitasa kimelegea: ukimaliza, kitasa kitalegea tena, maana tabia hii ni ya Windows yenyewe.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kwanza, Windows hukisia folda ni ya aina gani. Pili, hukumbuka ulichobadilisha kwa mkono wako. Kisio linaweza kukosea, na kumbukumbu inaweza kupotea. Dawa ya moja haitibu nyingine.

Kisio

File Explorer, ile programu ya Windows inayofungua folda, ina aina tano za folda: “General items”, “Documents”, “Pictures”, “Music” na “Videos”. Kila aina ina mwonekano wake, safu zake na mpangilio wake. Ukifungua folda ambayo haijawahi kuwekewa aina, Windows huchungulia mafaili yaliyomo na kuamua. Hapo ndipo risiti zilizopigwa picha kwa simu zinapoleta kizaazaa: kwako ni nyaraka za hesabu, lakini kwa Windows ni mafaili ya JPG, kwa hiyo folda inafanywa ya picha. Vivyo hivyo kwa folda unayomiminia kila kinachotoka WhatsApp.

Kosa hili halichafui sura tu, linaweza kuchelewesha kazi. Jina la faili, ukubwa na tarehe ya kubadilishwa vinasomwa kwenye orodha ya diski, mara moja vimekuja. Lakini safu kama “Date taken” kwenye picha au “Length” kwenye muziki na video zinatoka ndani ya faili lenyewe, na vijipicha navyo lazima vitengenezwe. Explorer inalazimika kugusa faili moja baada ya jingine. Folda ikiwa na mafaili elfu tatu kwenye flashi ya zamani au kwenye kompyuta nyingine ya ofisi, ule mstari wa kijani juu ya dirisha utatambaa mpaka chai ipoe.

Tiba yake: bofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua “Properties”, kisha kichupo cha “Customize”. Kwenye “Optimize this folder for” weka “General items”. Kama ndani kuna folda nyingine, weka tiki kwenye “Also apply this template to all subfolders”, halafu OK. Funga dirisha, fungua upya. Folda ya picha halisi za harusi iache ilivyo, maana huko vijipicha ndiyo kazi.

Kumbukumbu

Hili ndilo linalowashangaza wengi: mwonekano unaouweka hauhifadhiwi ndani ya folda. Unahifadhiwa kwenye rejista ya Windows (registry, ghala la mipangilio ya mfumo), upande wa akaunti yako, katika matawi mawili yanayoitwa Bags na BagMRU. BagMRU inashika njia ya kuifikia folda, Bags inashika mwonekano wake. Ukishajua hilo, vituko vingi vinajieleza.

Ukinakili folda kwenye flashi na kuifungua kwa kompyuta nyingine, mpangilio wako haufuati. Mwenzako akiingia kwa akaunti yake kwenye kompyuta hiyo hiyo, anaona vingine. Ukibadilisha jina la folda au kuihamisha, kwa Windows hiyo ni folda mpya. Flashi iliyokuwa E: jana ikija leo kama F:, njia imebadilika. Na folda ya ofisini inayofikiwa na huyu kupitia herufi Z:, na huyo huyo kesho akaifikia kupitia jina la seva, inakuwa na kumbukumbu mbili zisizojuana. Hapo ndipo mtu huapa kwamba amepanga na imekataa, kumbe amepanga mlango mmoja na anaingilia mwingine.

Dirisha dogo linalotokea unapobonyeza “Open” au “Save as” ndani ya Word au Excel nalo lina kumbukumbu yake, tofauti na ya Explorer. Lipange ukiwa humo humo.

Tena, kumbukumbu ina kikomo cha idadi ya folda. Mwenye maelfu ya folda za wateja ataona zile za zamani zinasahaulika. Usipoteze muda kupanga moja moja. Panga kwa aina.

Kupanga kwa aina

Fungua folda moja ya aina ya “General items”. Bonyeza Ctrl+Shift+6 upate mwonekano wa “Details”. Bofya kulia mahali patupu, nenda “Group by”, chagua “(None)”. Kisha “Sort by”, chagua unachotaka. Kwa ankara sisi tunapendekeza “Date modified” kwa “Descending”, jipya likae juu. Bofya kulia kwenye vichwa vya safu uondoe usizozihitaji. Mwisho shika Ctrl na ubonyeze alama ya + iliyo upande wa namba wa kibodi, safu zijitanue kwa kadiri ya maneno.

Sasa nenda kwenye “Options”. Kwenye Windows 11 iko ndani ya vile vidoti vitatu juu ya dirisha; kwenye Windows 10 iko kwenye kichupo cha “View”. Kwenye dirisha litakalofunguka, chagua kichupo cha “View”, halafu “Apply to Folders”, kubali.

Kitufe hicho kina mtego. Hakigusi folda zote. Kinagusa folda za aina ile ile uliyoifungua. Ukikibonyeza ukiwa kwenye “General items”, folda za “Pictures” na “Music” zinabaki zilivyokuwa. Rudia kwa kila aina unayoitumia. Na ile folda ya “Downloads” ina mpangilio wake pekee: tangu Windows 10 toleo la 1903 la mwaka 2019, inakuja ikiwa imepangwa kwa makundi ya tarehe. Ingia humo, weka “Group by” kuwa “(None)”, na bonyeza “Apply to Folders” ukiwa humo humo.

Ikishindikana: kufuta kumbukumbu yote

Kumbukumbu ikiwa imevurugika, futa uanze upya. Mafaili yako hayaguswi, kinachopotea ni mionekano uliyoipanga. Hifadhi kazi zako kwanza, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kwa kawaida tu, kisha andika mstari mmoja mmoja:

reg export "HKCU\Software\Classes\Local Settings\Software\Microsoft\Windows\Shell" "%USERPROFILE%\mwonekano.reg"

taskkill /f /im explorer.exe

reg delete "HKCU\Software\Classes\Local Settings\Software\Microsoft\Windows\Shell\Bags" /f

reg delete "HKCU\Software\Classes\Local Settings\Software\Microsoft\Windows\Shell\BagMRU" /f

start explorer.exe

Mstari wa kwanza unatunza nakala. Wa pili unaizima Explorer, na upau wa chini utatoweka. Usishtuke, mstari wa mwisho unaurudisha. Inazimwa kwanza kwa sababu Explorer huandika kumbukumbu inapofunga madirisha, hivyo ukifuta ikiwa hai inaweza kuyaandika tena yale uliyoyaondoa.

Usifungue Command Prompt kwa “Run as administrator” kama unatumia akaunti ya kawaida na nenosiri la msimamizi ni la akaunti nyingine. HKCU, sehemu ya rejista inayotunza mipangilio ya akaunti, ni ya yule aliyefungua programu, kwa hiyo utafuta mipangilio ya msimamizi na yako itabaki vile vile. Kosa hili tunaliona hata kwa mafundi.

Anayetaka Windows iache kukisia kabisa, aongeze mstari huu kabla ya ule wa mwisho:

reg add "HKCU\Software\Classes\Local Settings\Software\Microsoft\Windows\Shell\Bags\AllFolders\Shell" /v FolderType /t REG_SZ /d NotSpecified /f

Folda zote zitafunguka kama za jumla. Kwa ofisi ya hesabu au stationery ni nafuu kubwa. Kwa studio ya picha au muziki hatuushauri, kwa sababu folda hazitajiletea tena safu zinazofaa kwa kazi hiyo.

Wenye Mac

Finder, programu ya kufungulia folda kwenye Mac, inafanya kinyume: inaandika mwonekano kwenye faili lililofichwa liitwalo .DS_Store, ndani ya folda yenyewe. Ndiyo maana flashi iliyopita kwenye Mac inaweza kufika kwenye Windows ikiwa na vifaili hivyo. Si virusi, ukivifuta, kinachopotea ni mpangilio wa Mac tu. Kuweka mwonekano wa kudumu, bonyeza Command+J, panga, kisha “Use as Defaults”.

Ukikwama, tuandikie ukiwa na mambo matatu: toleo la Windows (bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver), njia kamili ya folda kama inavyosomeka kwenye upau wa anwani, na aina inayoonekana kwenye “Customize”. Kwa hayo matatu, kazi nyingi za namna hii tunazimaliza kwa simu, kompyuta haina haja ya kuletwa dukani.