Picha ya chungwa, ndani maji na sukari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Nina duka la rejareja hapa Makorora, Tanga, mwaka wa kumi na moja sasa. Mwezi uliopita alikuja mama mmoja wa mtaani kwetu, mtoto mgongoni, ametoka kliniki. Kule aliambiwa damu ya mtoto imepungua, ampe mboga za majani na matunda. Akanyoosha kidole kwenye paketi ya juisi yenye picha ya chungwa lililokatwa nusu, matone yanadondoka, jani bichi pembeni.

"Dada, hii ni machungwa kweli?"

"Ndiyo, si unaona mwenyewe."

Akachukua sita.

Usiku nilipokuwa nafunga hesabu, roho haikutulia. Nikawasha tochi ya simu, nikaigeuza ile paketi. Nyuma, kwa herufi ndogo kama punje za ulezi, tena kwa Kiingereza: maji, sukari, asidi ya sitriki, rangi, ladha ya chungwa. Chungwa lenyewe halimo, hata tone. Na yule mama, kabla hajafika kwangu, alipita meza ya machungwa ya Muheza, fungu zima kwa bei ya paketi mbili. Aliyapita kwa ajili ya ile picha, akanunua kwa neno langu. Asubuhi nilimfuata kwake nikamrudishia pesa, lakini paketi nne mtoto alikuwa ameshakunywa.

Wenye viwanda watasema kanuni zimefuatwa, maelezo yapo nyuma. Utetezi wa namna hiyo umeshafika mbali. Huko Marekani, POM Wonderful, wauzaji wa juisi ya komamanga, waliishtaki Coca-Cola kwa kinywaji cha Minute Maid kilichojitangaza kuwa cha komamanga na bluberi. Asilimia 99.4 ilikuwa juisi ya tufaha na zabibu. Komamanga asilimia 0.3. Coca-Cola wakasema lebo imefuata kanuni za serikali. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba kufuata kanuni hizo hakumzuii mshindani kushtaki. Kweli, mwaka 2016 jopo la raia wanaoamua kesi mahakamani liliwapa Coca-Cola ushindi, lakini walilazimika kusimama mbele ya watu na kujieleza.

Kesi iliyonigusa zaidi ni ya New Zealand. Mwaka 2004 wasichana wawili wa Pakuranga College, Auckland, wa miaka 14, walipima vitamini C ya vinywaji kwa jaribio la shuleni. Matangazo ya kinywaji cha Ribena yalisema blakikaranti, tunda dogo jeusi linalokitengeneza, lina vitamini C mara nne ya chungwa. Kwa tunda, sawa. Ndani ya paketi hawakukuta karibu chochote. Wakaiandikia kampuni, hawakupata jibu la maana, na hawakunyamaza. Mwaka 2007 GlaxoSmithKline, wenye Ribena wakati huo, walikiri makosa 15 mahakamani, wakatozwa faini ya zaidi ya dola laki mbili za huko na kuamriwa kutangaza usahihi. Watoto wa shule, Mhariri!

Sisi tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mnunuzi. Tuna FCC, tume ya ushindani, tuna TBS, shirika la viwango. Ninachowaomba ni kwamba kiasi cha tunda kiandikwe mbele, palepale penye picha, kwa Kiswahili, kwa herufi anazoweza kuzisoma mama aliyebeba mtoto. Kinywaji kisicho na tunda kisibandikwe picha ya tunda.

Walimu wa kemia nao nawaomba. Nimeelezwa kwamba kupima vitamini C kunahitaji iodini na wanga, vitu ambavyo maabara ya shule haivikosi. Ile juisi nimeiondoa kwenye rafu. Zimebaki katoni mbili, na mwalimu yeyote wa Tanga atakayezitaka kwa ajili ya wanafunzi wake aje achukue, simtozi kitu.

Mama muuza duka,
Makorora, Tanga