Shangazi, usiusingizie uzee

Shikamoo Shangazi,

Najua utasomewa barua hii na mjukuu wako, simu mwenyewe huipendi. Juzi, kuhusu hilo donda la mguuni, ulisema tena, "Mwili umechoka mwanangu, donda la kizee haliponi." Nilinyamaza kwa heshima tu.

Uzee una mkono wake, sikatai. Ngozi ya miaka 70 ni nyembamba, chembe zinazojenga nyama mpya zinagawanyika polepole, na uvimbe ambao kwa kijana hutulia mapema, kwako umeganda miezi. Shavu la mguu nalo limesinyaa, na hapo ndipo penye kazi, kwa sababu ndilo pampu yenyewe: ukipiga hatua linaminya vena, mishipa inayorudisha damu, nayo damu inapanda kwenda moyoni. Ndani ya vena mna vali, tuseme vimilango, na vyako vimelegea. Miaka yote ile umesimama mbele ya jiko la vitumbua! Damu inarudi chini, inatuama, inavuja. Ile rangi ya kahawia juu ya kifundo, uliyoisugua kwa dodoki ukidhani ni uchafu, ni madini ya chuma ya damu iliyovujia kwenye ngozi.

Sasa ile poda ya vidonge vya rangi mbili uliyonyunyizia dondani itazuiaje damu kutuama? Ilikauka ikawa gamba, nesi akalibandua, ukauma khanga.

Kinachotibu ni bandeji ya kubana, kuanzia vidoleni hadi chini ya goti, ikikaza zaidi kifundoni, kama milimita 40 za zebaki, kwa kipimo kile kile cha presha. Ila kwanza wapime presha ya kifundo na ya mkono. Ya mguu ikiwa chini ya 0.8 ya ile ya mkono, wasikukaze hivyo. Huenda ateri, mishipa inayoleta damu mguuni, zina kasoro, mguu ukakosa damu kabisa. Na kwa sukari yako kipimo hicho huweza kudanganya, kwa hiyo waambie.

Uingereza walijaribu kuziba vena mbovu mapema, pamoja na kufunga bandeji. Matokeo yalitoka 2018: nusu ya waliozibwa mapema walikuwa wamepona kufikia siku ya 56; kwa waliocheleweshewa, nusu ilifikiwa siku ya 82. Wengi wao walikuwa wamepita miaka 60. Kinachokwamisha zaidi ni donda kuachwa likue na kukaa. Lako lina miezi 14, na tangu Ramadhani limefikia upana wa kitumbua.

Alhamisi saa mbili asubuhi nakuja na bajaji, twende ukapimwe. Yale matofali mawili ya uani, mjukuu ayaweke leo chini ya kitanda, upande wa miguuni, ili miguu iinuke ukilala.