Tusiikimbie sindano ya mgongo

Mhariri,

Naandika kuhusu homa ya uti wa mgongo, na hasa kuhusu kipimo kinachoogopwa kuliko ugonjwa wenyewe. Hapa Kisumu nimesikia mara nyingi, sokoni, kanisani na hata kwenye foleni ya hospitali, kwamba mgonjwa akidungwa sindano ya mgongo atapooza, au hatarudi nyumbani akiwa hai. Nami niliamini hivyo hadi ugonjwa huu ulipoingia nyumbani kwa dada yangu, mtaani Nyamasaria.

Mwanawe alikuwa na miaka minne. Homa ilianza Ijumaa jioni, na kwa kuwa katika ukanda huu wa ziwa kila homa tunaiita malaria, alinunuliwa dawa za malaria dukani bila kupimwa. Kufikia Jumapili asubuhi alikuwa akitapika na kujifunika macho kila mlango ulipofunguliwa. Dada alipomwinua kichwa ili amnyweshe uji, shingo ilikataa kukunjika. Kichwa na mgongo viliinuka pamoja kama ubao. Tulipofika hospitalini usiku alikuwa ameshapata degedege. Daktari alisema ni lazima atolewe maji kidogo mgongoni, kisha tukaletewa fomu na kuambiwa tutie sahihi. Hatukuelezwa zaidi ya hapo. Nyanya yake alisema hataki mjukuu alemazwe, sisi wengine tukanyamaza, na fomu ile ikalala bila sahihi hadi siku ya pili.

Mambo ambayo yangetuondolea hofu yangeweza kuelezwa kwa dakika tano. Ubongo na uti wa mgongo vimefunikwa na tando, na kati ya tando hizo mna maji maangavu. Bakteria, virusi au kuvu wakiingia humo, tando huvimba. Kamba ya neva inayoshuka kutoka ubongoni huishia juu zaidi ya pale kiunoni ambapo sindano huingizwa, kwa hiyo daktari haigusi. Maji yanayochukuliwa ni kidogo sana, na mwili hutengeneza mengine kila saa. Mtu mzima hutengeneza takriban nusu lita kwa siku. Mgonjwa anaweza kuumwa na kichwa kwa siku chache baadaye, na wapo wagonjwa ambao daktari mwenyewe huahirisha kipimo kwa sababu hali yao hairuhusu. Kinachopoozesha na kuua ni ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila watu sita wanaopata aina inayoletwa na bakteria, mmoja hufa, na mmoja kati ya watano hubaki na madhara makubwa. Kwa kuwa tunakubali kipimo mgonjwa akiwa taabani, akifariki kesho yake lawama huiangukia sindano.

Mtoto wetu alianzishiwa antibayotiki ya mshipa usiku ule ule, kama inavyopaswa, kwa maana tiba haisubiri majibu. Siku ya pili tulipokubali, maji yalitoka na ukungu kama maji yaliyooshea mchele, lakini dawa zilikuwa zimeshatangulia na maabara haikuweza kuotesha bakteria yoyote. Madaktari walilazimika kumtibu bila kujua adui ni yupi, jambo ambalo lina uzito, kwa sababu muda wa tiba hutegemea aina ya bakteria, na pia kwa sababu anapopatikana meningokoka, mmojawapo wa bakteria hao, wale wanaoishi na mgonjwa hupewa dawa ya kuwakinga.

Wapo ambao kwao sindano hii ni sehemu ya tiba yenyewe. Watu wenye virusi vya ukimwi ambao kinga yao imeshuka sana hushambuliwa na kuvu aitwaye kriptokoka, anayetoka kwenye udongo na kinyesi cha ndege, na ambaye haambukizwi kutoka kwa mtu hadi mtu. Kuvu huyu hupandisha shinikizo ndani ya fuvu, na kuyatoa maji hayo, wakati mwingine kila siku, hupunguza maumivu ya kichwa na huokoa macho na uhai. Katika kaunti zetu za ziwa, ambako virusi hivyo vimeenea kuliko sehemu nyingi za Kenya, kukataa sindano ni kumnyima mgonjwa dawa.

Kinga tunayo. Chanjo ya Hib, mmojawapo wa bakteria wanaoleta ugonjwa huu, ilianza kutolewa nchini mwaka 2001 na ya nimokoka, bakteria mwingine wa aina hiyo, mwaka 2011, zote katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Tulipofungua kijitabu cha kliniki cha mpwa wangu, nafasi ya wiki ya 14 ilikuwa tupu. Siwezi kusema kwamba hiyo ndiyo sababu, lakini dada yangu bado anakitazama kijitabu kile.

Naziomba hospitali zetu zihakikishe kwamba kabla ya fomu kuletwa, mtu anakaa na familia na kueleza kwa Kiswahili, Kijaluo au Kiluhya sindano inaingia wapi na kwa nini. Nawaomba pia wahudumu wa afya ya jamii, wanaotufikia majumbani, walizungumze jambo hili wakati hakuna mgonjwa, maana usiku wa degedege si wakati wa kujifunza. Na wauza dawa wasimpe mzazi dawa za malaria kabla mtoto hajapimwa. Hata akipimwa na kukutwa na malaria, shingo ikiwa imekaza, au kwa mtoto mchanga utosi ukiwa umefura na amekataa kunyonya, apelekwe hospitalini mara moja.

Mpwa wangu alipona, lakini ilituchukua miezi saba kutambua kwamba sikio lake la kushoto halisikii. Tulidhani amekuwa mkaidi. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya Aprili 2025 inataka aliyeugua apimwe masikio kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, au ndani ya wiki nne. Mzazi ambaye hajaambiwa hivyo na aulize kabla hajatoka wodini.

Mwalimu na mzazi,
Nyamasaria, Kisumu