Shukrani kwa fundi wa uwanja wa ndege Kisongo

Mzee wangu, jina lako silitaji kwa kuwa uliniomba, ila asante nakupa hadharani.

Ndege yetu ndogo, Cessna, ilitoka matengenezo, na kila nikiwasha otopailoti, mtambo wa kuirusha ndege yenyewe, ishike mwinuko, pua inapanda, inashuka, inapanda tena. Abiria wakatapika. Nikawa narusha kwa mkono tu, huku naambiwa kifaa kimekufa, tununue kipya.

Wewe ulianza na swali: "Waligusa nini?" Ukasoma kitabu cha matengenezo mstari kwa mstari. Ukawasha otopailoti ndege ikiwa chini, ukashika usukani kwa vidole viwili ukiusikiliza unavyochelewa kuitika. Kisha ukaingia mkiani na tochi, ukaikuta imelegea kebo ya mota ya otopailoti, ile inayovuta elevata, yaani kibawa cha mkiani kinachopandisha na kushusha pua. Hukuikaza kwa kukisia, na hapo ndipo ningependa mafundi vijana wakuige: ulisubiri kipimo cha mkazo kiletwe, ukafuata namba za mtengenezaji, ukataka injinia mwenye leseni akague na kutia sahihi. Malipo ulikataa, chai tu ndiyo uliyokubali.

Sasa tukielekea Seronera, kule Serengeti, ndege inashika mwinuko, imetulia. Mungu akuzidishie afya, mzee wangu.