Sikio Linauma, Daktari Anasema ni Zima: Huenda ni Taya

Wateja wengi wanaofika kwetu na shida ya kiungo cha taya hawaji kwa ajili ya taya. Wanakuja kung'oa jino, wakiamini jino ndilo linalosumbua sikio. Kabla ya hapo wameshahangaika: dawa ya matone kutoka duka la dawa, dozi ya antibayotiki, kusafishwa nta, na wengine wamedondoshewa mafuta ya vuguvugu au maji ya kitunguu saumu na mtu wa nyumbani. Sikio bado linauma, au limeziba, au linavuma usiku mtaa ukishatulia. Hospitali wameangaliwa wakaambiwa sikio halina kitu. Hapo hofu huingia, kwa sababu maumivu wanayasikia kweli, na sasa hawajui waende wapi.

Sisi ni kliniki ndogo ya meno hapa Dodoma mjini, na makala haya tumeyaandika kwa ajili ya mtu huyo.

Weka kidole cha shahada mbele ya tundu la sikio, karibu kabisa na kile kinyama kidogo kinachotokeza. Fungua mdomo, kisha ufunge. Utasikia kitu kikitembea chini ya kidole. Hicho ni kichwa cha mfupa wa taya la chini, na kati yake na tundu la sikio kuna ukuta mwembamba tu wa mfupa. Ndani ya kiungo mna kisahani cha gegedu kinachorahisisha mwendo. Kisahani hicho kikihama mahali pake, taya hulia "ka!" unapopiga miayo, na wakati mwingine hukwama.

Ukaribu huo peke yake hautoshi kueleza kila kitu. Neva inayopeleka habari za maumivu kutoka kwenye kiungo hiki inahudumia pia sehemu ya tundu la sikio na ngoma yake, kwa hiyo ubongo unaweza kupokea maumivu ya taya ukayahesabu kuwa ya sikio. Tena, msuli mdogo unaokaza ngoma ya sikio na ule unaosaidia kufungua mrija wa kutoka sikioni kwenda kooni huendeshwa na tawi lile lile la neva linaloendesha misuli ya kutafuna. Hata mtoto akiwa bado tumboni, vifupa viwili vya sikio la kati, nyundo na fuawe, hutokana na chanzo kimoja na taya la chini. Taya na sikio ni ndugu wa tumbo moja, na mmoja akiugua mwenzake hulalamika.

Jambo hili si geni kwa madaktari. Mwaka 1934 daktari wa masikio wa St. Louis, Marekani, James Costen, aliandika kuhusu wagonjwa waliokuwa na maumivu ya sikio, kuziba, mvumo na kizunguzungu pamoja na matatizo ya taya. Yeye aliamini kwamba mtu akipoteza magego, taya hurudi nyuma na kubana neva za sikio. Uchunguzi wa baadaye wa maumbile ya eneo hilo haukukubaliana na maelezo hayo, ingawa dalili alizoziona ni za kweli. Tunalitaja hili kwa sababu bado wapo wanaoahidiwa kwamba wakiweka meno ya bandia sikio litapona. Meno ya bandia yana faida zake, hasa katika kutafuna, lakini sisi hatuyauzi kama dawa ya sikio.

Hapa kwetu mtu akisikia sikio limeziba, hasa kiangazi upepo ukianza, husema ni vumbi. Hilo halikosi ukweli wote. Vumbi likiamsha mzio puani, mrija wa sikio unaweza kuziba. Tofauti utaiona kwenye mwenendo wa maumivu. Ya taya huongezeka ukitafuna, ukipiga miayo, ukiongea sana, au unapoamka asubuhi. Mara nyingi huambatana na kuuma kwa panja, shavu au shingo. Ukibonyeza misuli ya shavu unaruka. Mdomo haufunguki vizuri: mtu mzima kwa kawaida anaweza kupitisha vidole vyake vitatu, kimoja juu ya kingine, kati ya meno ya mbele. Na wapo ambao mlio wa sikio hubadilika wakikaza meno au wakisukuma taya mbele. Tatizo hili huwapata zaidi wanawake, hasa wa kati ya miaka 20 na 40.

Kama taya linalia tu bila kuuma wala kukwama, usihangaike. Watu wengi wana mlio huo na hauhitaji matibabu.

Pamoja na hayo yote, tunasisitiza: sikio liangaliwe kwanza. Sikio linalotoa usaha au damu, homa, uvimbe nyuma ya sikio, au maumivu makali ukilivuta, hayo si ya kumalizia kwenye kiti cha meno. Uwezo wa kusikia ukipotea ghafla, ndani ya siku moja hadi tatu, wahi hospitali siku hiyo hiyo, maana kuchelewa kunaweza kukugharimu usikivu. Vivyo hivyo uso ukipooza upande mmoja, kizunguzungu kikiwa cha kuangusha, au sikio likipiga kwa kufuata mapigo ya moyo. Maumivu ya taya yanayokuja unapopanda ngazi au kubeba mzigo, na kupoa ukipumzika, yanaweza kuwa ya moyo. Mtu aliyevuka miaka 50 mwenye taya linalochoka akitafuna, maumivu mapya ya kichwa na macho yanayofifia, asisubiri hata siku moja. Na sikio linalouma upande mmoja kwa wiki nyingi huku kumeza kukiwa shida, au kuna uvimbe shingoni, linahitaji koo lichunguzwe. Mtoto mdogo akishika sikio na kulia, mpeleke kituo cha afya. Kwa watoto mara nyingi ni sikio lenyewe.

Tunaomba pia muache kujidondoshea matone bila kuangaliwa. Baadhi ya dawa hizo, kama za jentamaisini, zinaweza kudhuru usikivu zikipita kwenye ngoma iliyotoboka, na mtu hawezi kujua kwa kujitazama kama ngoma yake imetoboka. Vijiti vya pamba navyo husukuma nta ndani zaidi.

Sasa tuseme umeangaliwa, sikio ni zima, na taya ndilo lenye shida. Habari njema ni kwamba wengi hupata nafuu bila upasuaji, ndani ya wiki kadhaa hadi miezi michache. Kazi kubwa lakini inafanyika nyumbani kwako, wala si kwetu.

Anza na chakula. Kwa wiki mbili hivi lipumzishe taya. Mkoa huu umejaliwa chakula cha kufaa kabisa: ugali wa uwele au mtama na mlenda hauhitaji kutafunwa kwa nguvu. Maharage yaliyoiva vizuri, uji, ndizi, samaki na mayai pia. Mahindi ya kuchoma, muwa, karanga ngumu, bigijii na ubuyu wa kumung'unya saa nzima viweke kando. Nyama choma ya mnadani ni mtihani, tunajua, na hatumwambii mtu aiache milele. Isubiri taya litulie, kisha ukate vipande vidogo na utafune pande zote mbili. Ila usiendelee na vyakula laini miezi na miezi, kwa sababu misuli isiyofanya kazi nayo hudhoofika.

Halafu meno yako yanafanya nini wakati huli? Hapa ndipo tunapoona tofauti kubwa kwa wateja wetu. Meno ya juu na ya chini hayatakiwi kugusana mchana kutwa. Kugusana kwake ni kwa kutafuna na kumeza. Mtumishi anayekazana na ripoti kule Mtumba, mwanafunzi wa UDOM wakati wa mitihani, dereva anayekabiliana na magari ya mizigo usiku kwenye barabara ya Singida, wote hubana meno bila kujua. Jifunze kukaa hivi: midomo imefungwa, meno yameachana, ulimi umetulia juu nyuma ya meno ya mbele. Chagua kitu cha kukukumbusha, mlio wa simu kwa mfano, na kila unapousikia jikague. Kuuma kucha, kutafuna kalamu, kubana simu kati ya bega na sikio, kulala kifudifudi huku mkono ukisukuma taya, vyote viache. Ukipiga miayo, zuia kidevu kwa ngumi ili mdomo usifunguke kupita kiasi.

Kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya moto ya kuvumilika, dakika 10 hadi 15 shavuni, mara mbili au tatu kwa siku, hulegeza misuli. Baada ya hapo weka ulimi juu ya kaakaa, ufungue mdomo polepole bila ulimi kuachia, kisha ufunge, mara sita. Taya likiuma kwa ukali, acha zoezi. Dawa za maumivu zipo, lakini ibuprofeni haimfai kila mtu. Mwenye vidonda vya tumbo, shinikizo la damu, figo au ujauzito aulize kwanza.

Usiku una habari yake. Mtu anayesaga meno usingizini mara nyingi huambiwa na mwenza wake, au sisi huona meno yaliyolika na alama za meno pembeni mwa ulimi. Kahawa nyingi jioni, pombe na sigara huchochea. Baadhi ya dawa za sonona nazo huhusishwa na kusaga meno, ila usiziache bila kumuona aliyekuandikia. Mwenye kukoroma sana na kukatika pumzi usingizini naye tunamwelekeza apimwe.

Kwa anayesaga meno tunaweza kutengeneza kinga ya usiku ya plastiki ngumu. Tunachukua vipimo vya meno yako, inatengenezwa, kisha unarudi tuirekebishe hadi ikae sawasawa, na unarudi tena ikaguliwe. Inavaliwa usiku tu, inaoshwa kwa maji baridi na sabuni kwa sababu maji ya moto huipinda. Inalinda meno na huwapunguzia baadhi ya watu maumivu. Hatukuahidi kwamba itanyamazisha mlio wa sikio. Zile zinazouzwa mtandaoni zinazofunika meno machache tu tunakushauri uziepuke, kwa sababu meno yanaweza kuhama. Hatukati meno wala hatung'oi jino lisilo na ugonjwa kwa sababu ya sikio, hata mteja akituomba. Jino likishaondoka halirudi, na maumivu yanaweza kubaki pale pale. Jino likiwa bovu kweli, hilo tutakuonyesha kwenye eksirei na tutalitibu kama jino bovu.

Mdomo ukifunguka ukakataa kabisa kufunga, usije kwetu wala usijaribu kuusukuma mwenyewe; nenda idara ya dharura ya hospitali kubwa, iwe General au Benjamin Mkapa. Wale ambao hawapati nafuu baada ya miezi mitatu tunawaandikia rufaa, ama kwa mtaalamu wa fiziotherapia, ama kwa daktari wa upasuaji wa kinywa na taya.

Ukija, njoo na karatasi za hospitali na chupa za dawa zote ulizotumia, hata zilizoisha. Kabla ya siku hiyo andika kwa wiki moja saa ambazo maumivu yanakuja na ulikuwa unafanya nini. Na kama mna mtu mnayelala chumba kimoja, muulize anasikia nini usiku, au uje naye. Wanaotoka Kondoa, Mpwapwa au Manyoni wafike asubuhi, ili vipimo vikihitajika vichukuliwe siku hiyo hiyo warudi nyumbani.