Majina ya utani ya wanajeshi yapimwe kwa tarehe

Mhariri,

Hadithi za asili ya majina ya utani wanayobandikana wanajeshi zinapendwa, na magazeti hayachoki kuzirudia. Nyingi zina kasoro moja: zinamsifu anayeitwa. Mtani gani anamsifu mtani wake? Baharia akitaka kumkejeli askari wa nchi kavu hutafuta nguo yake, kichwa chake au harufu yake. Jina likija limejaa ushujaa, ulizia kwanza nani alilitoa.

Chukua "Devil Dogs", mbwa wa shetani, jina la Marine wa Marekani, askari wanaosafiri na meli za kivita na kupigana baharini na nchi kavu. Husimuliwa kwamba Wajerumani waliopambana nao katika msitu wa Belleau, Ufaransa, ndio waliowaita hivyo kwa hofu. Marine walianza kuushambulia msitu ule Juni 6, 1918. Magazeti ya Marekani yalikuwa yameshalichapa jina hilo Aprili. Halafu kuna bango la kuandikisha vijana la wakati huohuo: buldogi mwenye helmeti ya Marine anamfukuza mbwa mfupi wa Kijerumani, na juu yake pameandikwa "Teufel Hunden". Mjerumani hasemi hivyo. Kwake ni neno moja, "Teufelshunde". Aliyelitunga alijua Kijerumani cha kuokoteza.

"Leatherneck", shingo ya ngozi, jina jingine la Marine, ni habari nyingine, maana hapa kuna kitu cha kushika mkononi. Kuanzia 1798 Marine walikuwa wakigawiwa mkanda mweusi wa ngozi ngumu wa kuvaa shingoni, unaofungwa kwa bizimu, na vazi hilo lilidumu hadi 1872. Wengi hueleza kwamba ulikuwa wa kukinga shingo dhidi ya mapanga pale meli zinapovamiana. Huenda ulisaidia, lakini askari wa miguu wa Uingereza na wa Marekani walivaa mikanda ya aina hiyo, na wao hawakuwa wakirukia meli za adui. Kazi yake iliyo wazi zaidi ni ya gwaride: ngozi inasukuma kidevu juu, kichwa hakiinami. Adha yake ni kwamba ikilowa jasho huchubua shingo, na anayetaka kulaza shavu kwenye kitako cha bunduki ili alenge, mkanda unamzuia. Sasa mfikirie baharia mwenye shati lililo wazi shingoni, anamtazama mwenzake amekakamaa sitahani kama jogoo anayetaka kuwika. Jina lisingekosa kupatikana. Mabaharia wa Uingereza nao huwaita Marine wao "Bootneck", kwa ngozi hiyohiyo ya shingoni.

Kuhusu "Jarhead", kichwa cha mtungi, kuna hadithi kwamba watengenezaji wa mitungi ya kioo ya Mason waligeukia helmeti za Marine wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Helmeti ya vita vile, M1 ya mwaka 1941, ilikuwa ya chuma, na mtengenezaji wake mkubwa alikuwa McCord Radiator wa Detroit, kiwanda cha rejeta za magari. Tena jeshi la nchi kavu lilivaa hiyohiyo. Kama helmeti ndiyo asili, jina lingewashika wote.

Wapo pia wanaofumua herufi. Hili Mtanzania halimpi taabu: FFU ni Field Force Unit, raia wakaisoma "Fanya Fujo Uone", na hakuna anayedhani kikosi kilipewa herufi zake kutokana na maneno hayo. Basi Marine akiifumua "Army", yaani jeshi la nchi kavu, iwe kejeli ya watu ambao bado hawajaiva kuwa Marine, tucheke naye, lakini tusiichape kama chanzo cha neno.

Ombi kwa dawati la makala: kabla ya kuchapa asili ya jina lolote la namna hii, wekeni kando kwa kando mwaka jina lilipoonekana kwanza kwa maandishi na mwaka wa tukio au kifaa kinachotajwa. Mfano mwepesi ni "Brylcreem Boys", kejeli ya matawi mengine kwa wanaanga wa Uingereza walionyoosha nywele kwa mafuta. Jeshi lao la anga liliundwa Aprili 1, 1918. Mafuta ya Brylcreem yalianza kutengenezwa Birmingham mwaka 1928. Anayewapa jina hilo marubani wa Vita vya Kwanza vya Dunia amekosea kwa miaka kumi, na hesabu hiyo haihitaji maktaba.

Msomaji wenu,
Tanga